Uzi: Unahama Windows kwenda Mac na unataka mashine nyepesi ya kubeba? Soma kabla hujatoa hela

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, swali ni lile lile: "Mashine yangu imekataa Windows 11, nimechoka kutembea na chaja kila mahali, nataka kuhamia Mac. Ninunue ipi?" Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Laptopu nyingi ambazo bado zina nguvu zimebaki nje ya mlango. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za maofisini, na watu wa kuhama nimewahamisha wengi, kwa hiyo nimeona niandike yote mahali pamoja. Uzi ni mrefu, mnisamehe.

Kwanza kabisa, usianzie kwenye mashine. Kaa chini, andika programu zote unazotumia kazini, halafu ulizia moja baada ya nyingine kama ipo upande wa Mac. Word, Excel, PowerPoint, Chrome, Zoom, WhatsApp, Photoshop, AutoCAD, SPSS, Stata, R na QGIS zote zipo. Microsoft Access haipo. Power BI Desktop haipo. TallyPrime ya uhasibu haipo. ArcGIS Pro, Revit na SolidWorks hazipo. Excel ya Mac ipo, ila haina Power Pivot (zana ya kuunganisha na kuchambua data nyingi), na anayefanyia kazi mafaili yenye Power Pivot ataumia. Kama riziki yako inapita kwenye mojawapo ya hizo, tulia na Windows, tafuta laptopu nyepesi ya Windows, na usione haya. Nimeshuhudia watu wakinunua Mac kwa sababu mwenzao ofisini anayo, halafu wanarudi kuazima mashine ya jirani kila mwisho wa mwezi ili wafunge hesabu.

Njia ya kuzunguka ipo. Mac za zamani za Intel zilikuwa na Boot Camp, unawasha Windows kamili. Mac za chipu mpya hazina. Kilichopo ni kuiendesha Windows 11 ya ARM (ile iliyoandikwa kwa chipu za aina hii) ndani ya macOS, mfumo endeshi wa Mac, kwa kutumia programu ya Parallels (Microsoft iliidhinisha rasmi Februari 2023) au VMware Fusion, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa kazi za ofisi. Programu nyingi za kawaida zinaenda. Zinazogoma ni zile zinazotaka dereva maalumu (programu ndogo ya kuongoza kifaa), mfano programu yenye leseni ya kuchomeka USB, au mashine ya maabara ya miaka hiyo. Dereva isiyoandikwa kwa ARM haiingii, hata ufanyeje.

Sasa mashine zenyewe.

Juni 2020 Apple ilitangaza kuachana na prosesa za Intel. Novemba mwaka huo ikatoa chipu yake ya kwanza, M1, ndani ya MacBook Air, MacBook Pro ya inchi 13 na Mac mini. Hapo ndipo pa kukata. Mac ya Intel iache, hata muuzaji akushushie bei namna gani. Zinachemka, feni zinapiga kelele, na chaji haikai kama hizi za M. Zaidi ya hayo, Juni 2025 Apple ilisema wazi kwamba macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Na hilo Tahoe lenyewe linaingia kwenye Intel chache tu. MacBook Air ya Intel haimo, hata ile ya mwaka 2020. Umeikimbia Windows kwa sababu mashine yako imeachwa, halafu ununue nyingine inayoachwa?

Ongeza na suala la kibodi. MacBook za 2015 hadi 2019 nyingi zilikuwa na kile kibodi chembamba kilichoitwa kipepeo. Punje ya vumbi ikipenya chini ya kitufe, herufi inagoma au inajiandika mara mbili. Apple ilianzisha mpango wa kuvitengeneza bure Juni 2018, lakini mpango ulihesabu miaka minne tangu mashine iuzwe mara ya kwanza, kwa hiyo leo huwezi kuutegemea. Kuna MacBook moja ya inchi 12, ina gramu 920 tu, ukiishika mkononi unaipenda pale pale. Ina kibodi hicho hicho, tundu moja la USB-C, na Intel dhaifu. Msidanganywe na wepesi wake.

Kwa mtu wa kubeba mgongoni, anayepanda daladala au bodaboda kila siku, jibu langu ni MacBook Air ya M. Air ya M1 ina kilo 1.29. Za inchi 13 kuanzia M2 hadi M4 zina kilo 1.24. Ya inchi 15 ina kilo 1.51. MacBook Pro ya inchi 14 inafika kama kilo 1.6, na chaja yake ni kubwa zaidi. Tofauti ya gramu mia tatu dukani huisikii, lakini jioni, ukiwa umesimama kwenye foleni ya Mbagala na begi begani, utaisikia.

Air haina feni. Wengi wanadhani huo ni upungufu. Kwa mazingira yetu mimi naona ni neema: haivuti vumbi, na haina kinachokwama. Ubaya wake unauona ukiibebesha mzigo mzito kwa muda mrefu mfululizo, kama kutoa video ya saa nzima. Inapunguza mwendo ili ipoe. Kama hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku, basi chukua Pro, beba uzito wake, na utumie HDMI na tundu la kadi ya kamera vilivyomo. Wengine wote Air inawatosha.

Kuhusu chaji, Apple wanaandika saa 15 za kuperuzi mtandao kwa wi-fi. Ukiongeza mwanga wa kioo na mikutano ya Zoom zinashuka, ila siku ya kazi inaisha bila kutafuta soketi, na umeme ukikatika saa nne asubuhi huna haja ya kumkimbilia mwenye jenereta. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo hata pawabenki nzuri inayotoa umeme kwa USB-C inaisukuma. Kuanzia M2 kuna na MagSafe, waya unaoshika kwa sumaku: mtoto akijikwaa, waya unachomoka na mashine inabaki mezani.

Kwenye RAM nisikilizeni vizuri, hapa ndipo hela za watu zinapopotea. RAM ya Mac hizi imo ndani ya chipu, na hifadhi ya Air imechomelewa kwenye bodi. Hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi atakayekuongezea baadaye kama ulivyozoea kwenye Dell au HP. Unachonunua leo ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. GB 8 inamtosha anayeandika, anayesoma barua pepe na kufungua kurasa chache. Ukiwa na kurasa nyingi wazi, Excel nzito, picha, au ukitaka Windows ndani, tafuta 16.

Apple walianza kuweka GB 16 kama kiwango cha chini kwenye Air za M2 na M3 mwishoni mwa Oktoba 2024, bei ikabaki ile ile. M4 ilitoka Machi 2025 na 16 tangu mwanzo, kwa dola 999 kule Marekani. Maana yake M2 na M3 zilizopo mtaani ziko za aina zote mbili, na kwa nje hazitofautiani. Lazima uwashe uangalie.

Tena, Air ya M2 yenye hifadhi ya GB 256 za mwanzo iliwekewa chipu moja ya hifadhi badala ya mbili, kwa hiyo inasoma na kuandika polepole kuliko hata M1 ya ukubwa huo. RAM ikijaa, Mac inaazima nafasi kwenye hifadhi, hapo ndipo upole huo unapouma. Ukiwekewa mezani M2 ya 8/256 (yaani RAM GB 8, hifadhi GB 256) na M1 ya 16/512 kwa bei zinazokaribiana, chukua M1 bila kusita, japo M2 inapendeza zaidi kwa umbo. Mpya dukani, chukua M4 kwenda juu. M3 ina maana kwako kama unataka kuunganisha skrini mbili za nje, nayo inakubali ikiwa umeifunga kifuniko. M4 inakubali hata ikiwa wazi. M1 na M2 zinatoa skrini moja tu.

Kuhusu kukagua ya mtumba nitaandika hapo chini, maana najua ndiyo wengi mtakayonunua.

Mhasibu wa Mwanza

Asante mkuu kwa uzi. Mimi natumia TallyPrime ya ofisi kila siku na Excel yenye Power Pivot. Ila nimeshaipenda Air. Parallels haiwezi kuniokoa kweli?

Mleta uzi

Itakuokoa nusu, kaka. Tally unaweza kuifungua ndani ya Windows ya ARM, na Excel ya Windows pia. Lakini utakuwa unaishi humo Windows siku nzima, umelipia Mac, umelipia leseni ya Windows, pengine na Parallels kila mwaka, na RAM unaigawa mara mbili. Kwako wewe ningetafuta ThinkPad X1 Carbon kuanzia kizazi cha sita, ya 2018. Ina kilo 1.13 kwa ile nyepesi, nyepesi kuliko Air, na inakubali Windows 11. RAM yake nayo imechomelewa, kwa hiyo tafuta ya 16 tangu dukani. SSD unaweza kubadilisha.

Mdau wa Linux

Nyie mnahama kutoka jela moja kwenda nyingine. ThinkPad T480 ya mtumba, RAM unaongeza mwenyewe, ina betri mbili na moja inachomoka, unaweka Linux, maisha yanaenda.

Mleta uzi

T480 naiheshimu sana, mkuu, na kwa mtu anayependa kufungua mashine mwenyewe ni chaguo zuri kuliko Mac yoyote. Ila anayeulizia hapa anataka kufungua kifuniko na kufanya kazi, na mafaili yake ya Word yanatoka kwa watu wenye Office. Pia ukiweka betri ile kubwa ya nyuma, wepesi umeondoka. Fungua uzi wa Linux, nitakuja kuchangia kwa moyo wote.

Dada wa Nairobi

Hujambo kaka. Mimi ni mtafsiri, nafanya kazi kwa wateja tofauti na mara nyingi natumia projekta yao. Nasikia Mac haiandiki kwenye flashi na haina HDMI. Ni kweli? Na simu yangu ni Android.

Mleta uzi

Sijambo dada, karibu. HDMI kwenye Air hakuna, nunua adapta ya USB-C yenye HDMI na tundu moja la kawaida la USB, iweke kwenye mfuko wa begi na usiitoe humo. Flashi: zipo zilizofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, na Mac inasoma NTFS lakini haiandiki. Hamisha vitu vyako, ifomati upya iwe exFAT, mpangilio unaokubalika pande zote mbili, itaandika kwenye Mac na kwenye Windows ya mteja. Fanya hivyo kwa flashi zako zote kabla hujahama, ili usije ukakutana na hilo mbele ya watu.

Android ni usumbufu kidogo. Ukichomeka waya, simu haionekani kwenye Mac kama ilivyokuwa Windows. Weka LocalSend kwenye simu na kwenye Mac, ni bure, unatuma kwa wi-fi ile ile bila kula bando.

Kwa vidole vyako vya mtafsiri, jiandae na haya. Ctrl uliyoizoea sasa ni Command, iko karibu na kidole gumba. Kitufe cha Delete kinafuta kurudi nyuma. Kufuta kwenda mbele ni Fn pamoja na Delete. Ukiwa Finder, programu ya Mac ya kupitia mafaili, ukibonyeza Enter juu ya faili haifunguki, inabadili jina. Kufungua ni Command na O. Kukata faili na kulihamishia folda jingine, unabonyeza Command C, halafu ukifika kule Command, Option na V. Kitufe chekundu cha kona kinafunga dirisha tu, programu inabaki inaendelea. Kuifunga kabisa ni Command Q. Na kwenye Excel, F4 ya kuweka alama za dola ni Command T. Wiki za kwanza utakasirika. Usibadilishe mipangilio ili ifanane na Windows, acha mkono uzoee.

Fundi wa Tabata

Mleta uzi uko sahihi kwenye RAM. Nyongeza: ile plastiki ya kuziba kamera itoeni kabla ya kufunga kifuniko. Nafasi kati ya kioo na kibodi ni ndogo mno, kioo kinapasuka.

Mleta uzi

Kweli kabisa, na Apple wenyewe wametoa onyo hilo. Na kioo kukibadilisha ni gharama kubwa.

Sasa ya mtumba, kama nilivyoahidi.

Nenda mchana, nenda na simu yenye bando. Igeuze mashine kwanza kabla ya kuiwasha. Chini kuna nati ndogo za pembe tano. Zikiwa zimekwaruzwa au moja haifanani na wenzake, imeshafunguliwa. Uliza kwa nini. Weka kifuniko katikati, kikiteleza chenyewe bawaba zimelegea. Fungua hati tupu, bonyeza kila herufi, kila namba. Chomeka chaja kwenye kila tundu, si moja tu.

Washa, bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, About This Mac. Hapo utaona chipu na RAM. Kisha shikilia Option, bonyeza tufaha tena, System Information, nenda Power, soma Cycle Count, yaani hesabu ya mizunguko ya kuchaji. Betri ya Air imepangiwa mizunguko 1000. Chini yake kuna uwezo uliobaki kwa asilimia. Ikishuka chini ya 80 jua utabadilisha betri, na bei ya betri itoe kwenye bei ya mashine.

Hatua inayofuata wauzaji wengi hawaipendi, na ndiyo muhimu kuliko zote. Mwambie aifute mbele yako: System Settings, General, Transfer or Reset, halafu Erase All Content and Settings. Ikishawaka upya, iunganishe na intaneti ya simu yako, uianze mwenyewe. Mashine nyingi zinazokuja kwetu zilikuwa za makampuni au za watu nje. Kama kuna mtu ameifunga kwa akaunti yake, itakudai nywila yake hapo hapo. Kama ilikuwa ya kampuni na haijaachiwa, utaona ukurasa umeandikwa Remote Management wenye jina la kampuni. Bila intaneti ukurasa huo unaweza usitokee, na ndiyo maana wapo wanaokuonyesha mashine imeshawashwa tayari, iko kwenye picha nzuri ya mandhari.

Chaja nayo iangalie. Ikiwa imetoka Marekani ina miguu miwili bapa. Umeme si tatizo, inakubali volti 100 hadi 240, na kama kichwa chake kinachomoka, unaweka cha miguu mitatu.

Mwalimu Tanga

Mwanangu, nimefuata maelezo yako na sasa niko dukani. Air M2, 16/256. Mizunguko 212, uwezo asilimia 91. Nimewaomba waifute, imewaka na ukurasa wa Remote Management wenye jina la kampuni ya nje. Kijana wa dukani anasema ni kitu kidogo, ana mtu wa kuiondoa kesho kwa hela kidogo tu.

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Usilipe, hata kwa punguzo. Anayeweza kuiondoa kihalali ni kampuni hiyo peke yake, kwa kuitoa kwenye orodha yao. Huyo "mtu" atauruka ukurasa, mashine itafanya kazi, na siku ukiifuta upya utarudi pale pale. Omba nyingine na urudie hatua zile zile.

Mwalimu Tanga

Marahaba. Amenitolea M1, 16/512. Imefutwa, imeuliza lugha, wi-fi, jina la mtumiaji, basi. Mizunguko 340, uwezo asilimia 86. Kibodi nimebonyeza chote. Bei ni ndogo kuliko ile.

Mleta uzi

Hiyo chukua, mwalimu. Risiti iandikwe namba ya serial, ile iliyochongwa chini ya mashine kwa maandishi madogo, uilinganishe na iliyopo kwenye About This Mac. Na kwa sababu hifadhi imechomelewa, bodi ikifa na mafaili yanakwenda nayo, kwa hiyo ukipitia duka linalofuata nunua diski ya nje. Ukifika nyumbani ichomeke, Mac ikikuuliza kama unataka kuitumia kwa Time Machine, mfumo wake wa kutunza nakala za mafaili, kubali. Mafaili yako ya Windows usiyahamishe kwa flashi moja moja. Weka Migration Assistant ya Apple kwenye ile laptopu ya zamani, ziwe kwenye wi-fi moja, ziache usiku.